Umekabidhiwa kamati ya liturjia ya parokia: anzia hapa

Paroko amekuita baada ya Misa, akakuambia kuanzia sasa utaongoza kamati ya liturjia. Wengi wakishapewa kazi hii hukimbilia vitu: kipaza sauti kipya, sare za kwaya, vitambaa vya altare, maua. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi na ushauri wangu wa kwanza ni huu: vitu visubiri. Ibada ya parokia nyingi hudhoofika kwa sababu wanaohudumu hawajawahi kuelezwa wanafanya nini na kwa nini. Msomaji alipewa kitabu akaambiwa, “Soma.” Mtumikiaji alimwiga aliyemtangulia, na huyo naye alikuwa amemwiga mwingine. Makosa yanarithiwa hivyo hivyo kwa heshima kubwa, mpaka yanaonekana kuwa desturi ya Kanisa.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, uliliona jambo hili. Hati yake ya liturjia, Sacrosanctum Concilium, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, inasema katika namba 14 kwamba waamini wote waongozwe kwenye ushiriki kamili, wa ufahamu na wa matendo, na kwamba hiyo ni haki na wajibu wao kutokana na Ubatizo. Namba 29 inaongeza kwamba watumikiaji, wasomaji na wanakwaya wanatekeleza huduma halisi ya kiliturjia, kwa hiyo ni lazima wafundishwe. Soma namba hizo mbili kabla hujaitisha kikao chochote.

Hatua ya kwanza: keti utazame

Kwa Dominika nne usibadilishe kitu. Dominika ya kwanza keti nyuma kabisa, ya pili pembeni, ya tatu katikati, ya nne mbele. Usiandike wakati wa Misa, maana nawe umekuja kusali. Andika ukifika nyumbani.

Jiulize mambo machache. Aliyekaa benchi la mwisho anasikia kila neno la somo? Watu wanaitikia, au wamewaachia kwaya? Padre akisema “Tuombe,” kunakuwa na nafasi ya mtu kuomba kweli? Kuna mara ngapi padre anasimama akisubiri wimbo uishe? Matangazo yanasomwa kabla au baada ya sala baada ya Komunyo? (Mahali pake ni baada ya sala hiyo, nayo yawe mafupi.) Na hili ambalo wengi hawalitazami: hostia wanazopokea waamini zimetoka altareni, au zimetoka tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi?

Hilo la mwisho lina uzito wake. Mtaguso, na baada yake Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi (mwongozo rasmi wa kitabu cha Misa) katika namba 85, yanapendekeza kwa mkazo kwamba waamini wapokee Mwili wa Bwana kutoka katika hostia zilizogeuzwa, yaani zilizowekwa wakfu, katika Misa hiyo hiyo. Watu wameleta mkate na divai kwa maandamano na nyimbo, kisha wanakomunishwa kwa hostia za wiki iliyopita. Ishara imekatika katikati. Kulirekebisha hakuhitaji hata senti moja. Wakaribishaji wahesabu watu kwa mwezi mzima, Misa kwa Misa, namba ziandikwe kwenye daftari la sakristia (chumba cha kuandalia ibada), na mtunza sakristia aandae hostia kwa kufuata namba hizo. Tabernakulo ibaki na za wagonjwa, za kuabudu, na akiba ndogo.

Hatua ya pili: kaa na paroko kwanza

Usiwakusanye watu kabla hujazungumza na paroko kwa utulivu, siyo mlangoni baada ya Misa. Ile namba 14 inasema wazi kwamba hakuna tumaini la waamini kushiriki vema iwapo wachungaji wenyewe hawajajazwa kwanza roho ya liturjia. Hilo siyo la kumtupia paroko usoni. Ni sababu ya kumwomba awe mwanafunzi na mwalimu pamoja nanyi: asiishie kufungua semina kwa sala kisha akaondoka, akae mpaka mwisho.

Kubalianeni naye mambo mawili matatu kwa mwaka mzima, basi. Parokia inayojaribu kurekebisha yote kwa mwezi mmoja huwachosha watu, na ifikapo Majilio kila kitu kimerudi kilipokuwa. Ikiwa hujui pa kuanzia, anza na masomo na ukimya, kwa sababu hayo yanamgusa kila aliyemo kanisani.

Hatua ya tatu: tembeeni ndani ya Misa

Kabla ya kufundisha kundi moja moja, wakusanye wote siku moja: wasomaji, kwaya, watumikiaji, wahudumu wa Komunyo, wakaribishaji, watunza sakristia na wanaopamba. Wasiende ukumbini. Wakutane kanisani, mtembee kutoka mlangoni hadi altareni na kurudi mlangoni, mkisimama kila kituo. Saa mbili zinatosha.

Mlangoni waulize: nani ametuita hapa? Kwenye maji ya baraka waambie wachovye vidole taratibu na kukumbuka siku ya Ubatizo wao. Kwenye mimbari fungua kitabu cha masomo uwaoneshe mzunguko wa miaka mitatu: Mwaka A tunasikia hasa Injili ya Mathayo, Mwaka B ya Marko, Mwaka C ya Luka, naye Yohane anatawala vipindi vya Pasaka na kuingia Mwaka B kwa Dominika tano mfululizo na sura yake ya sita juu ya Mkate wa Uzima. Nimeona watu waliosoma masomo miaka kumi wakishangaa kusikia hili kwa mara ya kwanza. Kwenye altare paroko aeleze kwa nini anaibusu aingiapo. Kwenye kiti cha padre, kwenye tabernakulo, kwenye msalaba, swali liwe lile lile: hapa Mungu anatufanyia nini, nasi tunajibuje?

Msiigize Misa, wala asivae mtu mavazi ya ibada. Mnatembea, mnagusa, mnauliza. Papa Fransisko, katika barua yake Desiderio desideravi ya tarehe 29 Juni 2022, anatofautisha malezi kwa ajili ya liturjia na malezi yanayotolewa na liturjia yenyewe. Yote mawili yanahitajika, na la pili halipatikani kwa kuketi mbele ya ubao. Mtu hujifunza kupiga magoti kwa kupiga magoti akijua yuko mbele ya nani.

Hatua ya nne: wasomaji

Hapa tumia muda wako mwingi. Masomo yanaposomwa katika Kanisa, ni Mungu mwenyewe anayesema na watu wake. Ukimfikisha msomaji aamini hivyo, nusu ya mafunzo imekwisha.

Tofautisha kwanza. Kuna wasomaji waliosimikwa rasmi na askofu, na kuna wasomaji wa kawaida wanaosoma bila kusimikwa. Papa Paulo VI alizipanga upya huduma za usomaji na uakoliti (utumishi wa altareni) kwa hati Ministeria quaedam ya tarehe 15 Agosti 1972, akaziacha kwa walei wanaume. Na tarehe 10 Januari 2021 Papa Fransisko, kwa hati Spiritus Domini, alizifungua kwa wanawake pia. Wengi wa watu wako watakuwa wa kundi la wasiosimikwa, nao wanahitaji maandalizi makini vile vile.

Panga vipindi sita vya saa moja na nusu, vyote kanisani, vyote kwenye mimbari yenyewe na kipaza sauti kikiwa kimewashwa. Vipindi viwili vya kwanza ni vya Maandiko: aina za vitabu, namna ya kutambua unabii, historia, barua na wimbo. Anayesoma Isaya kama tangazo la mkutano hajui ameshika shairi. Vinne vinavyobaki ni vya sauti na mwili.

Haya ndiyo mazoezi yaliyozaa matunda kwangu. Mmoja asome, wengine wakae benchi la mwisho bila kitabu, akimaliza wasimulie walichosikia. Wasiposimulia, somo halikufika, hata kama sauti ilikuwa nzuri. Rudieni mpaka lifike. Wengi hugundua wenyewe kwamba tatizo ni kasi.

La pili ni vituo. Barua za Mtume Paulo zina sentensi ndefu zinazokwenda mistari sita bila nukta, na msomaji asiyepanga mahali pa kuvuta pumzi atavuta popote, akitenganisha mtenda na tendo lake. Kila msomaji anakili somo kwenye karatasi yake ya mazoezi na kuweka mkwaju mahali pa kupumua. Siku ya Misa karatasi inabaki nyumbani. Neno linatangazwa kutoka kitabuni.

La tatu ni lugha yenyewe. Kiswahili cha Maandiko kina maneno mafupi ambayo hatuyatumii sokoni, nayo huwaangusha watu. “Roho ya Bwana i juu yangu”: nimesikia ikisomwa “ijuu yangu,” kana kwamba ni neno moja, na kitenzi cha sentensi kikapotea. Kile ki- kifupi, i- kifupi, yu- kifupi ndicho kinachobeba “ni” au “yuko.” Kipe pumzi yake. Majina ya watu na miji, kama Nebukadneza au Melkisedeki, yakaririwe kwa sauti tangu Jumatatu.

Naam, Jumatatu. Msomaji wa Dominika aanze kujiandaa siku sita kabla. Kwanza asome Injili ya siku hiyo, kwa sababu katika kipindi cha kawaida cha Mwaka somo la kwanza limechaguliwa lilingane nayo. La pili hufuata mkondo wake kutoka barua moja, wiki baada ya wiki, kwa hiyo alisome pamoja na la Dominika iliyopita. Katikati ya wiki alisali somo lake. Ijumaa na Jumamosi alisome kwa sauti, amesimama, mbele ya mtu wa nyumbani.

Kuhusu mimbari: kipaza sauti kiwe kama shibiri moja kutoka mdomoni, kirekebishwe kabla ya kuanza. Maandishi mekundu ni maelekezo kwa msomaji, hayasomwi. Asianze kwa kutamka “Somo la kwanza,” aanze na “Somo katika kitabu cha…” Akimaliza anyamaze kidogo, ndipo aseme “Neno la Bwana,” akiwatazama watu. Mimbari ni ya masomo, zaburi na mbiu ya Pasaka (utenzi wa kuutangaza ufufuko katika Kesha la Pasaka). Homilia na nia za sala ya waamini zinaweza pia kutolewa hapo. Anayetoa maelezo, anayeongoza nyimbo na mwenye matangazo watafutiwe mahali pengine. Ukilisimamia hili moja, watu wataanza kuiheshimu mimbari bila hata kuhubiriwa.

Wasomaji hao hao wafundishwe kuandika nia za sala ya waamini. Mpangilio wake ni mwepesi: mahitaji ya Kanisa, viongozi wa nchi na wokovu wa ulimwengu mzima, walioelemewa na shida, kisha jumuiya yenyewe. Kila nia iwe sentensi moja. Nia inayoeleza historia, ikatoa mafundisho na kumsema mtu, imeacha kuwa sala.

Hatua ya tano: kwaya

Ukienda kwa wanakwaya na orodha ya makosa yao utawapoteza. Hawa ndio wanaofika mazoezini usiku wakiwa wamechoka, wiki zote za mwaka, bila malipo. Anza kwa kuwashukuru, na umaanishe.

Kisha wapeleke kwenye swali la nini kiimbwe kwanza. Kwaya nyingi huanza kupanga na wimbo wa mwanzo, wa matoleo, wa Komunyo na wa shukrani. Hati ya muziki mtakatifu, Musicam sacram, ya tarehe 5 Machi 1967, ina mpangilio tofauti: daraja la kwanza ni salamu za padre na majibu ya watu, sala zake, shangilio la Injili, majibizano ya utangulizi, Mtakatifu, Amina Kuu (ile inayofunga Sala ya Ekaristi), Baba Yetu. Yaani Misa yenyewe iimbwe kabla hamjaongeza nyimbo ndani yake. Padre akiimba “Inueni mioyo” na kanisa zima likajibu kwa kuimba, mmepiga hatua kubwa kuliko kujifunza wimbo mpya wa sauti nne.

Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza iwe ya vitu vinne tu: Aleluya (na shangilio lake la Kwaresima), Mtakatifu, Amina Kuu na Mwanakondoo, kwa mahadhi yale yale kila Dominika, ili hata mtoto ayajue. Dakika tano kabla ya Misa mwalimu wa kwaya asimame mbele ya watu awafundishe kiitikio cha zaburi ya siku. Zaburi hiyo ni sehemu ya liturjia ya Neno, isibadilishwe na wimbo wowote mzuri wa maneno mengine. Mkiweza, mtu mmoja aimbe beti kutoka mimbarini na watu wote waitikie.

Nyimbo zinazosindikiza tendo zifuate tendo. Wimbo wa Komunyo unaanza padre anapokomunika. Mwanakondoo unarudiwa mpaka kuumega mkate kuishe. Vipaji vikishawekwa altareni, wimbo wa matoleo utafute mahali pa kuishia, hata kama beti la tano ndilo tamu zaidi. Hili la mwisho lina maumivu kwa mwalimu aliyelifanyia mazoezi mwezi mzima, kwa hiyo mwonyeshe mapema mahali pa kukatia kwa adabu.

Hatua ya sita: ukimya

Jambo hili ni rahisi kuliko yote kulielekeza, na ni gumu kuliko yote kulitekeleza. Misale inataja vituo vya ukimya mtakatifu: katika tendo la kutubu, baada ya “Tuombe,” baada ya masomo na homilia, na baada ya Komunyo. Kaeni na paroko, mwalimu wa kwaya na kiongozi wa wasomaji, mpatane urefu wake. Anzeni na kupumua mara tatu taratibu baada ya kila somo, na dakika nzima baada ya Komunyo. Mwezi wa kwanza watu watakohoa, watageuka kutazama nani amesahau zamu yake. Mwezi wa tatu utalisikia kanisa lote likisali pamoja pasipo neno. Sijui furaha kubwa kuliko hiyo katika huduma hii.

Ukimya uanzie sakristia. Nusu saa kabla ya Misa kila kitu kiwe tayari, alama za vitabu zimewekwa, zamu zinajulikana. Dakika kumi za mwisho hakuna mazungumzo.

Hatua ya saba: altare na mlango

Watumikiaji, hasa watoto, wafundishwe majina ya vitu na sababu zake: kalisi (kikombe cha divai), patena (kisahani cha hostia), siborio (chombo cha hostia za waamini), korporale (kitambaa kinachotandikwa chini yake), chetezo (chombo cha ubani). Mtoto anayejua kwamba kengele hupigwa kidogo kabla ya mageuzo na tena wakati wa kuinua, ili watu wazingatie, haichezei. Chetezo huyumbishwa mara tatu kwa Sakramenti Takatifu, msalaba, kitabu cha Injili, padre na watu. Mara mbili kwa sanamu za watakatifu. Zaidi ya hapo wape nafasi ya kutumikia kwa zamu za haki, maana watoto wanauona upendeleo haraka.

Wahudumu wa Komunyo wasio wa kawaida wanasaidia panapohitajika, padre au shemasi wakiwa wachache au wakomunikao wakiwa wengi. Wanakaribia altare baada ya padre kukomunika, wanapokea chombo mikononi mwake, hawakichukui wenyewe. Wanasema “Mwili wa Kristo,” wanasubiri “Amina,” bila kuongeza neno. Wanaopeleka Komunyo kwa wagonjwa waende moja kwa moja, bila kupitia shughuli nyingine. Wazoeshwe pia ajali kabla haijatokea: hostia ikianguka iokotwe kwa heshima, Damu Takatifu ikimwagika, mahali paoshwe kwa maji na maji hayo yamiminwe sakrario, shimo maalumu la sakristia linalopeleka maji ardhini.

Wakaribishaji husahaulika katika mafunzo yote. Wape saa moja yao: namna ya kumpokea mgeni, kumtafutia mzee nafasi, kumsaidia mama mwenye mtoto anayelia bila kumwaibisha.

Hatua ya nane: kalenda na daftari

Mafunzo ya mara moja huyeyuka. Weka duru ya mwaka. Mafunzo ya wasomaji wapya yaishe kabla ya Dominika ya Neno la Mungu, ambayo Papa Fransisko aliiweka Dominika ya tatu ya kipindi cha kawaida kwa hati Aperuit illis ya tarehe 30 Septemba 2019. Siku hiyo wabarikiwe mbele ya waamini. Kabla ya Kwaresima wahudumu wote wawe na nusu siku ya mafungo, wasali bila kupangiana zamu. Kila huduma iwe na muda, tuseme miaka mitatu, ili wapya wapate nafasi na waliochoka wapumzike bila kuonekana wameondolewa.

Juma Kuu lifanyiwe mazoezi kanisani, kwa saa ile ile ibada itakayofanyika, maana Kesha la Pasaka lililofanyiwa mazoezi mchana hukutana na giza ambalo hakuna aliyelizoea. Kesha lina masomo saba ya Agano la Kale. Yakipunguzwa yasipungue matatu, isipokuwa pakiwa na sababu nzito sana, na lile la Kutoka sura ya 14 haliachwi kamwe. Amueni mapema yapi yatasomwa, wapeni wasomaji mwezi mzima.

Baada ya kila sherehe kubwa kutaneni nusu saa na maswali matatu: nini kiliwasaidia watu kusali, nini kiliwakwaza, nini kiandikwe ili mwakani kisisahaulike. Majibu yaingie kwenye daftari la sakristia yakiwa na tarehe: idadi ya mishumaa, nani alileta kuni za moto, hostia ngapi zilihitajika, wapi maandamano yalikwama. Mkutano wa Pasaka ufanyike kabla ya Dominika ya pili ya Pasaka, wakati kila mmoja angali anakumbuka ni mlango upi ulikuwa umefungwa.